Pia 27 za mninga kutoka Mikindani: nyota nne

Nafundisha fizikia kidato cha tano na sita hapa Mtwara. Niliagiza pia 27 za mninga, yaani vile vichezeo vya watoto vinavyozungushwa juu ya ncha, kwa fundi mmoja mzee wa Kimakonde, karakana chini ya mwembe, Mikindani. Kazi yake ya kila siku ni kukereza miguu ya vitanda. Bei shilingi 1,500 kwa pia, jumla 40,500. Tukamalizana kwa 40,000.

"Mwalimu, pia ishirini na saba! Una wajukuu wangapi?"

Nikamweleza kwamba ni za somo la jinsi positroni zinavyotumika kuchungulia usumaku wa chuma, maana fundi asiyejua kitu kinakwenda kufanya nini hukupa pambo la kabati. Elektroni tuifikirie kama pia isiyochoka, inazunguka ama kulia ama kushoto. Positroni ni ndugu yake mwenye chaji chanya, aliyeonwa na Carl Anderson mwaka 1932. Ndugu hawa wakikutana hupotea wote wawili, ikabaki miale miwili ya gama, kila mmoja na nishati ya keV 511 (keV ni kipimo cha nishati ndogo sana), ikikimbia pande mbili zinazopingana karibu kabisa. Sharti lake: ili itoke miale miwili tu, lazima wawe wanazunguka kinyume. Wakizunguka upande mmoja inabidi itoke mitatu, na hilo ni nadra.

Nilipofika kwenye positroni za sodiamu 22, sodiamu yenye mnururisho inayotoa positroni, kwamba zinatoka tayari zimeegemea upande mmoja, nikaanza kuhangaika na mikono hewani. Mzee akainama, akaokota skrubu kwenye takataka za randa. "Kama hii, Mwalimu? Ukiizungusha kulia inakwenda mbele." Ndiyo hiyo hiyo. Si positroni zote, ila nyingi, na zile zenye mbio zaidi ndizo zinazoshika zaidi tabia ya skrubu. Miaka yote nimechora mishale ubaoni!

Kazi yenyewe ni safi. Mbao ilikuwa kavu, msasa umepita mpaka kwenye ncha, na pia nzuri kuliko zote niliihesabia sekunde 40 kabla haijalala. Mbili zinayumba, nimezisamehe. Sijasamehe kuchelewa siku tisa, ingawa sababu naijua: vijana wake wawili walikuwa Newala wakiokota korosho, na msimu ukifika hapa kwetu hata harusi husubiri.

Nyota ya tano imepotelea kwenye rangi. Atomu ya chuma ina elektroni 26, hivyo niliagiza pia 14 zenye kichwa cheusi, za kuzungushwa kulia, na 12 nyeupe, za kushoto. Ya 27 nyekundu, positroni. Mzee akaona 14 na 12 hazipendezi, akanipakia 13 kwa 13. Kwa macho ni kweli zilipendeza, lakini chuma changu kilikuwa kimekufa: usumaku wake wote umo kwenye ile ziada ya elektroni mbili na kidogo kwa kila atomu. Aliibadilisha moja papo hapo bila kunung'unika. Rangi haikukauka. Shati langu la Ijumaa ni shahidi.

Darasani, wanafunzi 26 walizungusha pia zao, nami nikapita katikati na nyekundu ikizunguka kulia. Wanaoweza kupotea nayo kwa miale miwili: 12. Nikawaambia nimegeuza sumaku, kila mtu ageuze mzunguko. Sasa ni 14. Binti mmoja akauliza, "Mwalimu, tofauti mbili tu?" Mbili tu, ndiyo maana maabara huhesabu miale kwa mamilioni, sumaku ikielekezwa huku, kisha huko. Afadhali kwamba positroni husukumwa na kiini cha atomu, chenye chaji chanya kama yake, ikaishia kukutana zaidi na elektroni za nje, ambako ziada ile ipo. Na kwa kuwa elektroni nayo iko mbioni, nishati ya mwale hupanda au kushuka kidogo, kama honi ya bodaboda inayokuja kisha ikakupita. Toa hesabu ya huku kwenye hesabu ya huko, unabaki na picha ya mwendo wa elektroni zile zinazobeba usumaku. Chuma chenye sumaku kilishatumiwa na wanafizikia Hanna na Preston mwaka 1957, wao wakikitumia kuonyesha kwamba positroni kweli zina upande.

Sodiamu 22 hatuna. Kijana wa nyuma akataka kujua positroni ya karibu iko wapi. Nikamwonyesha korosho alizokuwa akitafuna kwa siri: potasiamu 40 iliyomo, aina ya potasiamu yenye mnururisho wa asili, hutoa positroni mara chache sana, na kwa hesabu yangu gramu 100 zitakupa moja kila saa moja na nusu hivi. Akaacha kutafuna.

Ukienda kwa mzee, nenda asubuhi kabla jua halijafika kwenye mashine. Idadi ya kila rangi mwandikie kwa chaki ukutani, tena usubiri mpaka aisome kwa sauti.