Tathmini ya huduma: AAUP kwa mhadhiri anayeadhibiwa kwa kusema juu ya rangi

Mhadhiri wa Marekani anayetishiwa kazi kwa sababu ya aliyoyasema hadharani kuhusu ubaguzi wa rangi hana mahali pengi pa kukimbilia kabla ya kufika mahakamani. Mojawapo ni Chama cha Maprofesa wa Vyuo Vikuu vya Marekani, kijulikanacho kama AAUP, kilichoanzishwa mwaka 1915. Hapa ninapima huduma yake moja tu, ile ya kupokea malalamiko ya uhuru wa taaluma, kuyachunguza na kuulaumu rasmi uongozi wa chuo uliokosea.

Huduma hii haimlazimu mlalamikaji kuwa mwanachama, na hilo pekee linastahili sifa. Watumishi wa chama husoma nyaraka zake, na wakiona kuna hoja huuandikia uongozi wa chuo barua ya kuukumbusha kanuni zilizovunjwa. Mashauri mengi huishia hapo. Kwa machache yaliyobaki huundwa kamati ya maprofesa kutoka vyuo vingine, ambayo huandika ripoti na kuwapa wahusika nafasi ya kuijibu kabla haijachapishwa. Kisha hupigwa kura ya kuuingiza au kutouingiza uongozi huo katika orodha ya waliolaumiwa. Lawama huangukia uongozi, si wahadhiri wala wanafunzi, na hufutwa chuo kinaporekebisha mambo.

Shauri linaloonyesha vizuri nguvu na udhaifu wa utaratibu huu ni la Angela Davis, aliyefundisha falsafa UCLA, yaani kampasi ya Los Angeles ya Chuo Kikuu cha California. Mwaka 1969 bodi inayosimamia Chuo Kikuu cha California ilimfukuza kwa kuwa mwanachama wa Chama cha Kikomunisti, mahakama ikaubatilisha uamuzi huo, na mwaka 1970 bodi hiyohiyo ikakataa kumwongezea mkataba kwa kisingizio kipya, yaani lugha aliyoitumia katika hotuba zake nje ya darasa, zikiwemo za kuwatetea wafungwa weusi wa gereza la Soledad. Wahadhiri wenzake walikuwa wamechunguza ufundishaji wake bila kuona kosa, na mkuu wa kampasi, Charles Young, alikuwa tayari kumbakisha, hadi bodi ilipomnyang'anya uamuzi.

Bodi haikukosa pa kushika. Tamko la AAUP lenyewe la mwaka 1940, lililoungwa mkono na zaidi ya taasisi na vyama 250, linasema kwamba mhadhiri anapozungumza kama raia asiadhibiwe na chuo, lakini linamtaka awe na kiasi na aheshimu maoni ya wengine. Anayezungumzia mauaji na vifungo vya watu wake huambiwa amekosa kiasi mapema kuliko anayezungumzia kodi, na sidhani kama waandishi wa tamko hilo walilitafakari hilo vya kutosha. Chama kilijaribu kuziba mwanya huo mwaka 1964 kwa kufafanua kwamba maoni ya mhadhiri kama raia hayawezi kuwa sababu ya kumfukuza isipokuwa yanapothibitisha wazi kwamba hafai kwa kazi yake. Baada ya uchunguzi wa AAUP bodi ililaumiwa rasmi. Davis hakurudishiwa kazi. Alirejea UCLA mwaka 2014, kama mhadhiri mgeni.

Wapo wanaokishutumu chama hiki kuwa kinawabeba wenye maoni ya upande mmoja, nao wangefaa kujua asili yake. Arthur Lovejoy, mmoja wa waasisi, alijiuzulu Chuo Kikuu cha Stanford baada ya mhadhiri mwenzake Edward Ross kuondolewa mwaka 1900 kwa shinikizo la Jane Stanford, aliyekianzisha chuo hicho pamoja na mumewe, na miongoni mwa makosa ya Ross ilikuwa hotuba ya kupinga wahamiaji wa Kijapani, hotuba ya kibaguzi kwa kipimo chochote. Kanuni iliyokuja kumtetea Davis ilianza kwa kumtetea mtu kama huyo. Mimi nalihesabu hilo kuwa sifa, ingawa si sifa ya kumfurahisha kila mteja.

Ambapo huduma imepungukiwa ni pale adui anapokuwa bunge la jimbo. Florida ilipotunga sheria ya mwaka 2022 ya kuwabana wahadhiri wa vyuo vya umma katika kufundisha masuala ya rangi, barua kwa mkuu wa chuo haikuwa na maana kubwa, kwani naye alikuwa amefungwa na sheria hiyo. Aliyeizuia, mwezi Novemba mwaka huohuo, ni jaji wa mahakama ya shirikisho. Ripoti kamili ya AAUP kuhusu Florida ilitoka Desemba 2023, ikiwa na ushahidi mzuri, lakini imechelewa kwa mtu aliyekwisha kufungasha vitabu vyake.

Kwa hiyo ninaipendekeza kwa mwenye ajira ya kudumu, na kwa tahadhari kwa mwenye mkataba wa muda, wakiwemo wenzetu wengi kutoka Afrika Mashariki wanaofundisha huko. Huyu wa pili aandike mapema, kabla hajajiuzulu wala kutia saini makubaliano yoyote, na aambatanishe barua yake ya ajira pamoja na tarehe aliyopewa taarifa: kwa viwango vya AAUP, aliyefanya kazi miaka miwili au zaidi anastahili taarifa ya miezi 12, na chuo kilichoikiuka tarehe hiyo hupata shida zaidi kujitetea kuliko kinachobishania maana ya hotuba.