Cherehani cha mkono ndani ya nyumba yenye watoto: tathmini baada ya mwaka mmoja na nusu

Kwa muda wa mwaka mmoja na nusu nimekuwa nikishona nyumbani kwa cherehani cha mkono, yaani kile cha chuma cheusi kinachoendeshwa kwa kuzungusha mpini wa pembeni, na nimeona ni vema niandike tathmini yake kwa ajili ya mtu mwenye hali kama yangu: mwenye watoto wadogo, mwenye mapato yanayokwisha kabla ya mwezi kwisha, lakini ambaye hamu ya kutengeneza kitu kwa mikono yake haijamtoka. Tathmini nyingi za vyerehani nilizowahi kusoma zimeandikwa na watu wanaoshona kwa saa tatu mfululizo, katika chumba chao wenyewe, mlango ukiwa umefungwa. Mimi hushona kwa vipande vya dakika ishirini au thelathini, juu ya meza ileile tunayolia chakula na ambayo mtoto wa kwanza huandikia kazi zake za shule. Ndiyo maana sikukipima kwa kasi yake wala kwa wingi wa mishono yake. Nilikipima kwa namna kinavyoweza kukaa na familia bila kuigharimu fedha, muda na amani.

Cherehani chenyewe nilikinunua kikiwa kimekwishatumika kwa miaka mingi. Kimeundwa kwa mfumo wa Singer 15, mfumo ambao baada ya Vita Vikuu vya Pili vya Dunia ulinakiliwa na viwanda vingi vya Japani, na baadaye vya China, na jambo hilo lina maana kubwa kwa mtu mwenye fedha kidogo. Bobini zake, yaani vigurudumu vidogo vinavyobeba uzi wa chini, ni zile za kawaida, na sindano zake ni za aina ya 130/705H, yaani zenye shina bapa upande mmoja, ambazo ndizo zinazotumika katika vyerehani vingi vya nyumbani hata vya kisasa. Kipuri cha kiwanda kimoja mara nyingi huingia katika cherehani cha kiwanda kingine bila shida. Mtu anayenunua mashine ya bei nafuu ambayo bobini yake haipatikani popote amenunua tatizo, na mimi ningemshauri aanze kuuliza habari za vipuri kabla hajauliza habari za bei.

Uamuzi wa kununua haukuwa wangu peke yangu. Nilipomweleza mke wangu, hakuuliza bei kwanza, aliuliza, "Kitakaa wapi?" Lilikuwa swali la haki, kwa sababu nyumba yetu haina nafasi ya kitu kisichoondoka mezani. Tulikubaliana kwamba tungeweka akiba kidogo kidogo mpaka fedha itimie, na kwamba hatutakopa. Inafaa kukumbuka kwamba cherehani ni miongoni mwa vitu vya mwanzo kabisa kuuzwa kwa familia nyingi kwa malipo ya awamu: Isaac Singer alipata hataza, yaani haki ya uvumbuzi, ya cherehani chake mwaka 1851, na kufikia mwaka 1856 mshirika wake Edward Clark alikuwa ameanzisha utaratibu wa mteja kuchukua mashine na kuilipia polepole. Naelewa kwa nini utaratibu huo ulipendwa, na yako mazingira ambamo unafaa, hasa kwa fundi ambaye mashine itamwingizia kipato tangu wiki ya kwanza. Kwa kazi ya kujifurahisha nyumbani, hata hivyo, deni hugeuza starehe kuwa wajibu, na kila jioni usiyoshona hukufanya uone kwamba umepoteza fedha.

Muuzaji aliniambia kwamba kilikuwa kizima kabisa. Nilipokifikisha nyumbani niligundua kwamba gurudumu lilikuwa zito kama limefungwa breki, na kwamba ndani ya vitundu vya mafuta palikuwa na utando wa rangi ya asali, mgumu na wenye kunata, ambao ni dalili ya mtu kutumia mafuta ya kupikia au ya kuacha mashine miaka mingi bila kuitumia. Sikukata tamaa. Nilidondosha mafuta ya taa kidogo katika kila kitundu, nikazungusha mpini polepole kwa dakika chache, nikafuta uchafu uliotoka, kisha nikarudia siku ya pili. Baada ya hapo niliweka mafuta maalumu ya cherehani, yale mepesi na meupe, tone moja moja. Siku ya tatu gurudumu lilizunguka kwa kusukumwa na kidole kimoja. Sikulipa fundi, lakini ningependelea kuyajua hayo kabla ya kununua, na kwa hiyo namshauri mnunuzi aende na uzi wake na kipande chake cha kitambaa, ashone palepale, azungushe gurudumu kwa mkono, ahakikishe kikombe cha bobini kimo, na apitishe kucha kwenye bati la chini ya sindano kuona kama lina mikwaruzo inayoweza kukata uzi.

Sasa nizungumzie kazi yenyewe. Cherehani hiki kina mshono mmoja tu, mshono wa moja kwa moja, na mshono huo ni mzuri sana. Kwa sindano namba 90, ambayo maana yake ni kwamba unene wake ni milimita 0.9, hupita katika kitambaa cha pamba cha tabaka nne bila kusita; kwa namba 100 nimekunja upindo wa suruali ya jinzi, nikizungusha mpini taratibu pale palipo na mkutano wa mishono. Kwa sababu hakuna mota, nguvu yote iko mkononi, na mtu huhisi kabisa sindano inapokutana na ugumu kabla haijavunjika.

Upungufu wake nao ni wa kweli. Mkono wa kulia ukiwa kwenye mpini, ni wa kushoto tu unaobaki kuongoza kitambaa, na kwa mshono wa mviringo, kama wa shingo ya gauni la mtoto, mwanzoni nilifumua mara nyingi kuliko nilivyoshona. Vitambaa vinavyovutika havikifai, kwa kuwa mshono wa moja kwa moja hauvutiki na uzi hukatika mara vazi linapovaliwa. Kingo za kitambaa zisizo na ovaloki, yaani mshono unaozuia ukingo kufumuka, lazima uzifiche kwa mshono wa kukunja mara mbili, jambo linalopendeza likikamilika lakini linalokula muda. Zaidi ya hayo ni kizito. Kabla hakijapata nafasi ya kudumu, kukitoa kabatini na kukirudisha kila jioni kulikuwa kazi, na mwenye maumivu ya mgongo asidanganywe kwamba ni cha kubebeka kwa sababu tu kina kasha lenye mkono wa kushikia.

Tatizo lililonitesa zaidi katika miezi ya mwanzo ni uzi kujisokota na kufanya fundo kubwa chini ya kitambaa. Nilidhani kasoro iko kwenye bobini, kwa kuwa fundo lilikuwa chini, nikakaza na kulegeza skrubu ndogo ya kikombe chake mpaka nikapoteza mahali pake pa awali. Kumbe kasoro ilikuwa juu. Visahani vinavyobana uzi wa juu hufunguka tu mguu wa kushikilia kitambaa unapokuwa umeinuliwa. Ukitunga uzi mguu ukiwa chini, uzi hukaa nje ya visahani, haubanwi, na urefu wote wa ziada hushuka chini na kuwa fundo. Tangu nilipoanza kuinua mguu kabla ya kutunga, na kushika ncha za nyuzi zote mbili kwa mishono mitatu ya kwanza, fundo limekuwa nadra. Kikombe cha bobini nilikirekebisha kwa kukining'iniza kwa uzi wake: kikikaa kimya, na ukikitikisa kikashuka kidogo tu na kusimama, kimekaa sawa.

Jambo linalonifanya nikipende cherehani hiki ni namna kinavyokubali kukatizwa. Mtoto akilia, naachia mpini, na kila kitu hubaki kilivyo, sindano ikiwa ndani ya kitambaa, mshono ukinisubiri nirudi baada ya dakika tano au baada ya siku mbili. Hakuna waya wa kukwaza miguu wala kanyagio sakafuni ambalo mtoto anayetambaa anaweza kulibonyeza wakati kidole changu kiko karibu na sindano. Mlio wake ni mdogo, mkwaruzo wa meno ya chuma na mdundo laini wa sindano, na nimeshona mara nyingi mtoto mdogo akiwa amelala katika chumba hichohicho.

Kisha liko jambo ambalo sikulitegemea. Binti yangu, mwenye miaka saba, alisimama kando yangu jioni moja akasema, "Baba, naomba nizungushe mimi." Tuligawana kazi: yeye mpini, mimi kitambaa kwa mikono yote miwili. Nikisema "taratibu" hupunguza, nikisema "simama" husimama, na mishono yetu ya mviringo imekuwa bora kuliko ile niliyokuwa nikishona peke yangu. Sharti letu ni moja, kwamba mkono wake hauvuki nguzo ya cherehani kuja upande wa sindano. Niliwahi kuona muda wa kushona kuwa ni muda ninaowanyima watoto, na kwa sehemu ulikuwa hivyo. Jioni hizo za mpini zimebadili hesabu hiyo.

Kuhusu fedha, napenda kuwa mkweli, kwa sababu hapa ndipo wengi hujidanganya. Kushona nguo mpya nyumbani hakujatuokolea fedha. Kitambaa kizuri, uzi, zipu na vifungo, pamoja na saa zote nilizotumia, vimefanya gauni moja kuwa ghali. Watengenezaji wa karne ya 19 walitangaza kwamba shati la kiume lililochukua saa 14 na dakika 26 kwa mkono lilichukua saa 1 na dakika 16 kwa mashine, na tofauti hiyo kwa hakika ilibadili maisha ya watu wengi, lakini shati langu la kwanza lilichukua majuma matatu. Tulichookoa ni katika kutengeneza vilivyokwishakuwapo: magoti ya suruali yaliyotoboka, mashuka yaliyochakaa katikati ambayo hupasuliwa kwa urefu na kuunganishwa upya kwa kingo zake nzima, sare za shule zilizoshushwa upindo, mikoba iliyokatika mikanda. Kazi hizo hazipendezi kuzitazama, lakini ndizo zilizokilipia cherehani.

Hatari iko kwenye duka la vitambaa. Mtu mwenye cherehani huanza kuona kila kitambaa kama kitu kinachoweza kuwa kitu, na mimi nilinunua viwili ambavyo hadi leo viko vilevile vilivyokunjwa. Tangu hapo tumeweka sanduku moja, na utaratibu wetu ni kwamba hakiingii kitambaa kipya mpaka sanduku lipungue hadi nusu.

Kwa hiyo kazi yangu ya kujifurahisha imekuwa mfarishi wa viraka, unaotokana na nguo za nyumbani zisizovalika tena. Kila kiraka hukatwa sentimita 12 kwa 12, na mshono hukaa milimita 7.5 kutoka ukingoni, ili kiraka kikishaungwa kibaki na sentimita 10.5. Safu moja ina viraka 14, na ziko safu 18. Nilijifunza kwa uchungu kwamba kosa dogo huzaana: ukiusogeza mshono ndani kwa milimita moja tu kila upande wa kiraka, safu nzima hupungua karibu sentimita tatu, na haikutani tena na safu ya chini yake. Nimebandika kipande cha utepe kwenye bati, milimita 7.5 kutoka kwenye sindano, na ukingo wa kitambaa hufuata utepe huo. Kwa mwendo wa mpini, kuufuata ni rahisi kuliko kwa mota.

Ningemshauri mtu anayetaka kushona kwa biashara, au anayeshona zaidi fulana na nguo za kuvutika, atafute mashine nyingine yenye mshono wa zigizaga, na mwenye udhaifu wa bega la kulia asikinunue kabisa. Kwa mzazi anayehitaji kutengeneza nguo za nyumbani, anayetaka pia kazi ya mikono ya kumtuliza, na asiye na uhakika wa kupata hata nusu saa nzima, sijaona kinachofaa zaidi, mradi akikague kabla ya kulipa na akilipie kwa fedha aliyonayo.

Mke wangu, aliyeuliza kitakaa wapi, ndiye aliyekitafutia nafasi ya kudumu chini ya dirisha, juu ya kikabati cha viatu. Mfarishi umefika safu ya kumi na moja. Katika safu ya nne mna kiraka cha shati nililovaa siku binti yetu alipozaliwa, na yeye mwenyewe ndiye aliyezungusha mpini kilipokuwa kikiungwa.