Espacenet kwa wanaopima hataza za HARQ na ratiba za mnara: ni nzuri, lakini nusu ya ushahidi iko kwingine

Espacenet ni huduma ya bure ya Ofisi ya Hataza ya Ulaya, EPO. Ilifunguliwa 1998 na leo ina hati zaidi ya milioni 150 kutoka pembe zote za dunia. Hapa inapimwa kwa kazi moja tu. Mtu ana mbinu mpya ya mnara kuigawia simu muda na masafa, au ya simu kurudisha stakabadhi ya data iliyopokea (ACK ikifika salama, NACK ikiharibika; mfumo huu wa kujibu na kurudia huitwa HARQ), naye anataka kujua kama mbinu hiyo inastahili hataza kabla hajamlipa wakala. Kwa kazi hiyo tunaipa nyota nne kati ya tano. Nyota ya tano imepotea kwa sababu moja kubwa, nayo inamgharimu mtu anayeamini kwamba matokeo matupu kwenye Espacenet yana maana kwamba wazo lake ni jipya.

Kipimo tulichotumia ni cha kweli. Katika 5G, mnara unapotuma data huiambia simu, kwa namba inayoitwa K1, ihesabu sloti (vipande vifupi vya muda) ngapi kabla ya kurudisha stakabadhi. Katika Release 15, toleo la kwanza la kanuni za 5G, K1 ilikuwa 0 hadi 15. Sasa chukulia mvumbuzi anayesema: kwenye masafa yasiyo na leseni simu inaweza kukuta hewa imeshikwa na wengine wakati wa kujibu, kwa hiyo mnara uweze kuiambia "tunza stakabadhi yako, usijibu sasa, nitakuita baadaye". Wazo zuri. Je, ni jipya?

Kosa la kwanza la wengi ni kuanza na maneno. Kisanduku cha utafutaji cha Espacenet kinakaribisha maneno, na fani hii haina msamiati mmoja. Hati moja itaandika HARQ-ACK, nyingine A/N, nyingine feedback information. Hati nyingi zenye asili ya Japani husema response signal au delivery confirmation, na tafsiri za mashine kutoka Kichina huleta misemo ambayo hakuna mhandisi angeiandika. Ukitafuta "HARQ-ACK" pekee unaacha nje fungu kubwa la hati zinazoeleza jambo lilelile.

Anza na namba za uainishaji za CPC, mfumo ambao EPO na ofisi ya Marekani wanautumia pamoja tangu 2013. H04L 1/1812 ndiyo nyumba ya HARQ. H04L 1/1854 ni ya kupanga na kuzipa stakabadhi vipaumbele, na H04L 1/1861 ni ya namna stakabadhi inavyowekwa kwenye chaneli. H04L 1/1896 hukusanya ishara zinazohusu ARQ (urudiaji wa kujiendesha), na H04L 5/0055 inahusu kugawa rasilimali za ACK na NACK. Upande wa ratiba ni H04W 72/12, ambamo 72/1268 ni ya data inayopanda na 72/1273 ya inayoshuka. Maagizo ya mnara kwenda kwa simu yako H04W 72/23. Namba mama ya zile zinazoanza na H04L 1, yaani H04L 1/18, bado inataja jina la Van Duuren, mhandisi Mholanzi aliyetengeneza urudiaji wa kujiendesha kwa ajili ya teleprinta za redio. Wazo la "sijapata, rudia" lina umri mkubwa kuliko simu za mkononi zenyewe, na hakuna atakayepewa hataza kwa hilo peke yake.

Ukiandika cpc = "H04L1/1812/low" unapata namba hiyo pamoja na vitawi vyake vyote. Kisha ongeza maneno machache kwenye maandishi kamili kwa ftxt, ukitumia nyota mwishoni mwa mzizi, mfano defer* au postpon*. Halafu nenda kwenye vichujio vya pembeni uangalie tarehe ya kuchapishwa, kwa sababu hati huhesabika dhidi yako ikiwa ilikuwa wazi kwa umma kabla ya siku ya ombi lako; tarehe ya kipaumbele (siku ya ombi la kwanza la familia) ni ya kuangalia kwa maombi ya awali yaliyochapishwa baadaye. Vichujio hivi ndivyo sehemu bora ya Espacenet. Vinafanya kazi haraka, na kuchagua familia badala ya hati moja moja kunaondoa marudio ya ombi lilelile lililopelekwa Marekani, China, Korea na Ulaya.

Angalizo kwa wenye daftari za zamani: kundi la H04W 72 lilifumuliwa 2023. Namba iliyokuwa ikitumika sana, 72/042, imeondolewa, na hati zake zimehamishwa, nyingi zikaenda 72/23. Ukiendelea kutumia maswali uliyohifadhi miaka mitano iliyopita utapata orodha fupi au tupu na utadhani uwanja uko wazi. Espacenet yenyewe haikuonyi.

Kwa kipimo chetu cha K1, utafutaji huu uliopangwa vizuri ulileta familia za kutosha zinazogusa stakabadhi iliyoahirishwa. Lakini hati inayomuua mvumbuzi wetu haimo humo. Imo kwenye karatasi za mikutano ya 3GPP.

Hapo ndipo nyota ya tano ilipopotea. Kanuni za 4G na 5G zinatungwa kwenye vikundi vya 3GPP, na kwa mambo ya ratiba na stakabadhi kikundi chenyewe ni RAN1. Kila mkutano hupokea mamia ya michango ya kampuni, kila mmoja na namba yake inayoanza na R1-, na yote huwekwa kwenye seva ya 3GPP ambayo mtu yeyote anaifungua bila nenosiri. EPO inaichukulia michango hiyo kuwa wazi kwa umma tangu siku ilipopandishwa kwenye seva, kwani hakuna sharti la siri. Kwa hiyo mchango wa kurasa tatu wenye mchoro mmoja una nguvu sawasawa na hataza iliyotolewa. Utafiti wa 5G kwenye masafa yasiyo na leseni ulifungwa Desemba 2018 kwa ripoti TR 38.889, na katika Release 16 orodha ya dl-DataToUL-ACK, inayobeba thamani za K1, ikapokea thamani ya -1, ambayo maana yake ni hasa ile ya mvumbuzi wetu: usijibu sasa, ngoja uitwe. Akipeleka ombi lake leo, mtahini atamwekea mezani kanuni zenyewe za 5G, TS 38.213 na TS 38.331, na mjadala utaishia hapo.

Kipo kichochoro, na ndicho kinachofanya tuendelee kuipenda huduma hii. Fungua kwenye Espacenet hati ya EP (ombi lililopelekwa EPO) inayokaribiana na wazo lako, bofya kiungo cha European Patent Register, kisha uingie kwenye faili lote la ombi. Tafuta ripoti ya utafutaji. Safu ya kushoto ina herufi: X ni hati inayoweza kuua dai (maelezo ya kile mwombaji anachotaka kilindwe) peke yake, Y inaua ikiunganishwa na nyingine, A ni ya usuli tu, P ilichapishwa kati ya kipaumbele na siku ya kupeleka ombi, E ni ombi la awali lililochapishwa baadaye. Hati zisizo hataza hupewa namba inayoanza na XP, na kwenye fani hii nyingi kati ya hizo XP ni michango ya 3GPP, ikitajwa jina la kampuni, kichwa, mkutano na namba ya R1. Yaani watahini wa EPO wameshakutafutia. Chukua namba hiyo, nenda kwenye seva ya 3GPP, folda tsg_ran, kisha WG1_RL1, kisha mkutano wenyewe, kisha Docs. Faili ni zip yenye hati ya Word ndani. Tarehe ya kuangalia ni ile ya zip kwenye seva. Tarehe iliyo ndani ya faili la Word haithibitishi kuchapishwa, na mtu akijenga hoja juu yake itaanguka.

Namba za michango nazo zina mtego. Tarakimu mbili za kwanza baada ya R1- ni za mwaka. Zilizobaki zilikuwa nne hadi michango ilipozidi uwezo wake, kisha zikawa tano. Ukiandika sifuri moja zaidi kwenye karatasi ya 2009 hutapata kitu.

Faili la Register lina faida nyingine ambayo watu huipita: barua za mtahini na majibu ya mwombaji. Humo unaona kwa macho nini kinapita. Kwa EPO, ishara za redio kwa kawaida hazina shida kwenye Kifungu cha 52 cha Mkataba wa Hataza wa Ulaya, kinachosema nini kinaweza kupewa hataza. Uamuzi T 1194/97 ulikwishasema kwamba data inayoendesha mfumo ni ya kiufundi, tofauti na habari ya kusomwa na mtu. Vita viko kwenye Kifungu cha 56, hatua ya uvumbuzi. Kusema "badala ya biti 2 tumetumia 3" au "badala ya sloti 4 ni 3" huangukia kwenye uchaguzi wa kawaida ambao mhandisi yeyote angeufanya.

Kinachosimama ni mbinu yenye sababu. Chukua kihesabu cha maagizo, DAI, kinachotumika kupanga orodha ya stakabadhi. Kina biti 2, kwa hiyo kinahesabu 1, 2, 3, 4 kisha kinarudi 1. Mnara ukituma maagizo matano na simu ikakosa la tatu, simu inaona 1, 2, 4, 1, inagundua pengo na kuweka NACK mahali pake. Ikikosa la mwisho haioni pengo lolote: inatuma biti nne huku mnara ukisubiri tano, na orodha nzima inasomwa vibaya. Ndiyo maana kwa simu inayotumia masafa kadhaa kwa pamoja iliongezwa namba ya jumla kando ya kihesabu. Hapo kuna kasoro inayotajika, chanzo chake, na tiba inayotokana na chanzo. Dai la namna hiyo lina miguu. Na ukiangalia kwa makini utaona bado simu ikikosa maagizo manne mfululizo kihesabu kinazunguka na haijui. Mapengo kama hilo ndimo wavumbuzi wazuri wanamochimba.

Marekani hali ni tofauti, na Espacenet haitakuambia. Agosti 2025, katika kesi ya Optis dhidi ya Apple, mahakama ya rufaa ya Federal Circuit ilisema madai ya 6 na 7 ya US 8,019,332 yanaelekea kwenye wazo dhahania, yaani fomula ya hisabati, ikalirudisha suala chini liangaliwe hatua ya pili ya kipimo cha Alice, inayouliza kama dai lina jambo la ziada juu ya wazo hilo dhahania. Hataza hiyo inahusu simu inavyojua mahali pa kutafuta maagizo ya ratiba kwenye chaneli ya PDCCH, na fomula yake ni ya kuzidisha na kuchukua salio. Kwenye ukurasa wake utaona maandishi, madai na familia. Huoni kwamba uzito wa madai hayo umetikisika. Kwa hali ya kisheria, matukio ya INPADOC (rekodi ya EPO ya hali za hataza) yanatosha kujua kama ada zinalipwa na kama hataza imeachwa, lakini hukumu za mahakama zitafute kwingine.

Tafsiri ya mashine iliyomo ndani, Patent Translate, inasoma Kichina, Kijapani na Kikorea kwenda Kiingereza kwa kiwango kinachotosha kuamua kama hati inafaa kusomwa zaidi. Usiitegemee kwa dai lenyewe. Neno moja kama "iwapo" likitafsiriwa "wakati" linabadilisha mpangilio wa masharti, na kwenye hataza za ishara mpangilio wa masharti ndio uvumbuzi. Kiswahili hakimo.

Google Patents inafunguka haraka zaidi kwenye intaneti hafifu na maandishi yake ni rahisi kunakili, ila hali ya kisheria inayoionyesha ni makisio, na yenyewe inasema hivyo. PATENTSCOPE ya WIPO, shirika la dunia la mali ya ubunifu, inafaa zaidi kwa maombi ya PCT (ya kimataifa) yaliyotoka wiki hii. Anayepeleka ombi ARIPO, ofisi ya hataza ya kikanda ya Afrika kule Harare, kwa ulinzi wa Kenya, Tanzania au Uganda, ataona hati za huko kwa alama ya AP ndani ya Espacenet, lakini umpya wake utapimwa dhidi ya dunia nzima, pamoja na zip zile za 3GPP.

Kuna pengo ambalo hakuna huduma inayoliziba: maombi hayachapishwi hadi miezi 18 tangu kipaumbele. Kampuni zinazohudhuria RAN1 huwa na kawaida ya kupeleka ombi kabla ya kupandisha mchango, kwa kuwa Ulaya haitoi muda wa msamaha kwa aliyejichapisha mwenyewe. Kwa hiyo ukiona mchango wa mkutano wa mwezi uliopita unaofanana na wazo lako, hesabu kwamba huenda kuna ombi nyuma yake ambalo bado huwezi kuliona. Weka alama kwenye daftari: jina la kampuni, namba ya CPC, tarehe ya mchango. Rudia utafutaji uleule baada ya mwaka mmoja na nusu, na hati ya EP ikitoka, fungua hati ya kipaumbele iliyomo kwenye Register usome kilichoandikwa siku ile ya kwanza. Mara nyingine wazo lililo kwenye dai halimo humo, tarehe yake inasogea mbele, na mchango wa kampuni yenyewe unageuka kuwa ushahidi dhidi yake.