Gego langu kwenye kliniki moja hapa mjini: nyota 1, au labda 4

Nyota 1 naitoa kwa ajili ya feni tu, maana ilikuwa inazunguka.

Gego lenyewe la chini, upande wa kulia, lilizibwa zamani bado nipo skuli. Baada ya Idi hivi likaanza: nikinywa maji ya barafu linachoma, nikishameza limekwisha. Nikapuuza, kosa langu. Siku zikenda, chai ya moto ikawa balaa. Likishtuka halitulii nusu saa, na usiku nikilala linapiga kama ngoma. Nikawa nalala nimekaa, glasi ya maji ya baridi mkononi, maana baridi ile ile iliyokuwa ikilichoma ndiyo sasa inayolituliza.

Nikenda. Daktari, bwana mtu mzima, simu sikioni. Hakunipiga picha, hakuligonga jino. Akamulika tu, akanambia mbele ya watu: "Halina tundu hili. Nyie Wapemba haluwa mnakula kwenu, kulia mnakuja kulia kwetu." Haluwa naipenda kweli, lakini hayo ndiyo matibabu? Akaniandikia amoksilini, vidonge vya kuua vijidudu, nikalipa, nikatoka hata salamu sikuaga.

Siku chache, kimya! Nikamsifia kwa majirani: ulimi mchungu, mkono mzuri. Wiki kadhaa mbele naamka shavu limevimba, jino kama limerefuka, hata wali laini siwezi kuutafuna.

Nikarudi nimejiandaa kugomba. Hayupo. Nikapewa daktari msichana, mpole, wala hakuniuliza natoka wapi. Akaligonga kwa mpini wa kioo (niliruka), akapiga picha, akaniita nitazame. Chini ya pale palipozibwa zamani uozo umetambaa hadi kwenye kiini, na nchani mwa mzizi kuna kivuli cheusi. "Dada, hili halikupona. Lilikufa."

Kumbe kiini cha jino ni nyama laini yenye mishipa ya damu na ya fahamu, imefungiwa ndani ya ukuta mgumu. Kikivimba hakina pa kutanukia. Wakati ule maumivu yanakwisha nikimeza, pengine kuziba upya kungetosha. Yalipoanza kung'ang'ania, ndiyo basi tena. Kikifa kinanyamaza, vijidudu vinashuka mzizini mpaka mfupani, usaha unajikusanya. Na vidonge? Kiini kilichokufa hakipiti damu, dawa itafikaje ndani? Hata mtu asiye na tundu yanaweza kumfika, jino likipata ufa au pigo la kuanguka.

Na mie nilikuwa nasifia.

Akatia ganzi, akatoboa, akasafisha mikondo 3 ya mizizi, akaziba kwa dawa ya muda. Harufu ikanipanda puani: karafuu! Mama alinambia tangu mwanzo niweke karafuu nikamwona mshamba, sasa naiwekewa kwa pesa. Daktari akacheka, akasema inatuliza kweli, ila kiini kilichokwisha haikifufui.

Kwa hiyo msende. Yaani, nendeni, ila muulize kwanza zamu ya nani. Bei inauma kuliko jino, lakini natafuna.

Mapokezi wakanipa kadi ya siku ya kuja jino kuvishwa kofia, yaani gamba gumu la kulifunika. Naisoma: jina la yule bwana wa haluwa. Nikairudisha pale pale mezani, waandike nyengine.