TAHADHARI kwa wazazi na wanaoanza skate Nairobi: usitume pesa kabla hujaiona bodi upande wa chini

Kuna muuzaji anazunguka Facebook na Instagram akitangaza bodi za skate kwa shilingi 6,500: "original, maple ya Kanada, beringi ABEC 11, helmeti bure". Hubadilisha jina la ukurasa kila akichomeka, kwa hivyo mtambueni kwa mwendo wake.

Video anazoweka si zake. Anadai ana duka mjini, kwenye jengo unalolijua, lakini ukisema utapitia anakujibu leo wanahesabu stoki, kesho wamefunga, afadhali boda akuletee. Pesa lazima zitangulie, tena kwa namba ya mtu binafsi, si till. Boda anafika na boksi lililozungushiwa selotepu kila upande, na yeye masikini hajui kilichomo. Dada yangu wa Donholm alimnunulia mwanawe namna hiyo likizo ya Agosti. Kwenye boksi, kwa herufi ndogo kabisa, iliandikwa mwisho kilo 50. Kijana ana miaka 15 na ameshapita uzito huo. Mama alipolalamika aliambiwa aongeze 1,500 abadilishiwe "grade A". Alipokataa, akablokiwa.

Kinachoniuma zaidi ya hizo pesa ni kwamba kitu kile kinavunja mikono ya watoto. Geuza bodi uangalie traki, yale mabano mawili yanayoshika magurudumu. Traki ya kweli ni ya aloi ya alumini, ekseli ya chuma imepita katikati, na kuna bushi za mpira mgumu zinazoiruhusu ikunje kona mtu anapoegemea. Hizi za huyu jamaa ni plastiki iliyopakwa rangi ya fedha. Haziegemei, kwa hivyo anayejifunza hawezi kukata kona hata akijitahidi vipi, na siku atakayoruka nayo zinapasuka pale bolti kubwa ya katikati ilipo. Mtoto anaanza kudhani hana kipaji, kumbe bodi ndiyo haigeuki.

Magurudumu pia. Mazuri ni ya poliyurethani, yanashika sakafu. Plastiki tupu huteleza kwenye simenti, na ikikuta kokoto inakwama: bodi inasimama, mtoto anaendelea mbele na kutua kwa viganja. Kwa zege laini watu wengi hutumia gurudumu la milimita 50 hadi 54 lenye ugumu wa karibu 99A (namba ikipanda, gurudumu ni gumu zaidi). Kwa barabara zetu za mtaani na kabro, laini la 78A hadi 87A linasaidia sana. Muuzaji asiyejua kukujibu swali hilo hajui anachouza.

Hiyo ABEC 11 nayo ni uongo mtupu, maana ABEC, kipimo cha usahihi wa beringi, kinaishia 9. Beringi za skate ni saizi 608, nane kwa bodi moja, na zikichoka unabadilisha. Kwa hivyo hata bodi ya mtumba yenye traki nzuri ni heri mara kumi kuliko hii mpya. Ubao wenyewe utazame ubavuni: wa maple kwa kawaida una safu 7 za mbao nyembamba zilizogandishwa, na umebonyea kidogo katikati ili mguu ukae. Upana wa inchi 7.75 hadi 8.25 unawafaa vijana wengi wanaoanza. Ile helmeti ya bure ni ganda tu, ndani hakuna povu gumu. Tafuta yenye alama ya usalama ya EN 1078 au ASTM F1492, na kama bajeti ni ndogo, punguza kwenye bodi kabla ya kupunguza kwenye kichwa.

Kabla ya kununua popote, nendeni Shangilia, makao ya watoto kule Kangemi yenye uwanja wa zege wa skate, mwombe ruhusa, mzione bodi zikitumika na kuwauliza vijana wa pale. Watakuonyesha kila kitu kwa moyo mkunjufu. Mtandaoni, dai video ya upande wa chini, jina lako likiwa limeandikwa kwenye karatasi kando ya bodi, kisha ulipe mzigo ukiwa mkononi na boksi limefunguliwa. Mimi nilimwomba huyu muuzaji video hiyo, akanyamaza.

Walioshatuma pesa: kurudisha muamala wa M-Pesa kwa kutuma meseji 456 ya Safaricom kumewekwa kwa aliyekosea namba, na kama huyu ameshazitoa hazirudi. Meseji zake za utapeli zitumeni 333. Msifute mazungumzo, wekeni ujumbe wa M-Pesa na boksi lenyewe, mpige ripoti kituo cha polisi mpewe namba ya OB (kitabu cha matukio cha polisi). Dada yangu ameshafanya hivyo. Kama nawe umetapeliwa na mtu wa mwendo huu, niandikie inboksi nikuunganishe na dada, malalamiko yapelekwe kwa pamoja.