Sindano ya homoni ya tezi dume, goserelini ya miezi mitatu: saratani imetulia, ila ulizeni mapema habari ya kumbukumbu

Nianze na maksi kabisa ili mwenye haraka asihangaike kusoma yote. Goserelini miligramu 10.8, ile sindano ya tumboni inayochomwa kila wiki 12, kwa kazi yake ya kuibana saratani ya tezi dume naipa nyota 5 kati ya 5. Kwa maelezo ambayo familia tulipewa kuhusu kichwa cha mgonjwa, yaani kusahau, kuchanganya mambo, kukwama katikati ya kazi, huduma tuliyopata naipa nyota 2. Hospitali siitaji, maana nimeongea na familia nyingine zinazotibiwa kwingine na habari ni hiyohiyo, na waliotuhudumia ni watu wenye moyo kweli.

Mzee wangu ni fundi cherehani, Tanga, maeneo ya Ngamiani, ameshavuka miaka 70 na bado anashona. Saratani iligundulika ikiwa imeshafika kwenye mifupa, PSA, ile protini ya tezi dume inayopimwa kwenye damu, iko juu ya 80, mgongo unamuuma mpaka usiku analala amekaa kwenye kiti. Dokta akatupa njia mbili, ama kutoa kende kwa upasuaji mdogo, kitu cha mara moja na gharama zake zinaishia hapo, ama sindano za kuzima homoni. Zote lengo lake moja, kuinyima saratani testosteroni, ile homoni ya kiume, kwa sababu ndo inayoilisha. Na si jambo la jana, Charles Huggins wa Chicago alilionyesha tangu 1941 akaja kupewa Nobel 1966. Mzee akasema kisu hataki, basi tukaenda na sindano.

Kwa ambao hawajawahi kuiona, siyo dawa ya maji. Inakuja kwenye pakiti iliyofungwa, bomba lake lina kidude kidogo ndani kama punje ya mchele, nesi anakichoma chini ya ngozi ya tumbo, chini ya kitovu, na kinabaki humohumo kinayeyuka taratibu mpaka miezi mitatu iishe. Sindano yenyewe nene, msidanganywe, ombeni ganzi kwanza. Na kwenye kuitunza isizidi nyuzi 25, kwa hiyo mnaonunulia Dar alafu mnapanda nayo basi kuja mikoani msiiweke kwenye buti la chini, kaeni nayo juu kwenye kiboksi cha kuzuia joto.

Kitu kingine, wiki za mwanzo homoni inapanda kwanza ndipo inaporomoka, na mwenye saratani kwenye mifupa anaweza kuumia zaidi kipindi hicho. Ndo maana mzee alianzishiwa vidonge vya bikalutamidi, vinavyoizuia homoni hiyo isiilishe saratani, kabla ya sindano ya kwanza akaendelea navyo wiki kadhaa. Msiviruke hivyo vidonge mkidhani ni vya ziada. Baada ya hapo mambo yakawa mazuri sana, PSA ikashuka chini ya 2, mgongo ukatulia, akarudi kulala kitandani, msikitini anaenda kwa miguu. Kwa mtu aliyekuwa analia usiku, hizo nyota 5 ni halali yake.

Madhara ya kawaida tuliambiwa na kwenye karatasi yapo: joto la ghafla linalomwamsha usiku shati limelowa, hamu ya tendo la ndoa kuisha, kitambi, misuli kulegea, mifupa kupungua nguvu, sukari kupanda, huzuni. Yote hayo tulijiandaa nayo.

Kumbukumbu haikutajwa na mtu.

Sasa niwaeleze ilivyoonekana kwetu, maana wengi wanasubiri mzee apotee njia ndo washtuke. Mzee miaka yote hakuwa na tabia ya kuandika vipimo vya mteja papo hapo. Anazungusha futi kifuani, kiunoni, begani, anapima mkono, anapima urefu, huku anaongea na mteja habari za Coastal Union, akimaliza ndo anakaa anaandika vyote kwenye daftari kwa mpigo, kifua 42, kiuno 36, mkono 24, na hakosei. Baada ya kuwa kwenye sindano kwa muda, akawa akifika kwenye daftari anaandika kifua, anasimama, anamwangalia mteja, anachukua futi anaanza tena. Na kwenye kukata ndo palinitia hofu zaidi: upande wa mbele wa kanzu anauchora kwa chaki vizuri kabisa, akigeuza kitambaa achore wa nyuma anapoteza pale alipofikia, anakaa anakitazama tu. Kanzu moja mkono wa kulia na wa kushoto vilitoka urefu tofauti, kitu ambacho sijawahi kukiona kwake tangu nipate akili.

Lakini ukikaa naye kuongea huoni kitu chochote. Ya zamani anayo yote, wajukuu anawataja kwa majina, hesabu za pesa anapiga, sala haimpiti. Kwa hiyo ndugu wakija kumsalimia wanaondoka wanasema mzee yuko fiti. Mama ndo aliyeshtuka kwanza, akasema baba yenu anaulizia dawa ambazo ameshazimeza. Tulivyopeleka hilo kliniki jibu likawa "ni uzee huo", faili likafungwa tukarudi nyumbani. Nimeumia sana na jibu lile. Uzee upo, hakuna anayebisha, ila fundi hapotezi vipimo vya kanzu ndani ya msimu mmoja kwa uzee peke yake, angalau mtu aulize maswali mawili matatu.

Nikaanza kusoma mwenyewe. Ukweli ni kwamba wataalam wenyewe hawajakubaliana, na nataka niliseme hili vizuri ili nisimtishe mtu. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Pennsylvania huko Marekani mwaka 2019 walitoa utafiti wa wanaume wazee zaidi ya 150,000 wenye saratani ya tezi dume, waliangalia rekodi zao kwa miaka mingi. Waliopewa dawa za kuzima homoni, kama 13 kati ya 100 walikuja kuandikiwa ugonjwa wa Alzheimer, wasiopewa ni kama 9. Ukichukua dementia, yaani magonjwa ya kupoteza kumbukumbu na akili, kwa ujumla ni kama 22 kwa 16. Namba zinatisha ukizisoma usiku peke yako, lakini hizo ni rekodi, haikuwa kwamba watu waligawanywa makundi wakajaribiwa, na mara nyingi anayepewa dawa hizo ni yule mwenye umri mkubwa na ugonjwa mzito zaidi, kwa hiyo huwezi kusema moja kwa moja sindano ndo imeleta. Na kuna watafiti wa Toronto waliwafuatilia wanaume walio kwenye dawa hizi kwa mwaka mzima kwa vipimo vya akili na hawakukuta tofauti ya maana.

Kilichonifanya nikae vizuri kwenye kiti ni uchambuzi mmoja wa 2014 uliokusanya tafiti kadhaa pamoja. Ulikuta kwamba sehemu nyingi za akili za wanaume waliozimiwa homoni hazikutofautiana na za wengine, isipokuwa zile kazi zinazounganisha macho na mikono. Nikamuona mzee na chaki yake juu ya meza. Mwanaume ambaye kazi yake ni kuuza duka huenda asijue kabisa kama kuna kilichobadilika, fundi cherehani, seremala, dereva, hao watagundua mapema kwa sababu ndo kazi wanayofanya kila siku.

Sababu zenyewe zinaeleweka ukielezwa taratibu. Testosteroni haifanyi kazi sehemu za siri tu, ubongo nao unaitumia, pamoja na ile sehemu inayohusika na kumbukumbu, na kiasi fulani kinageuzwa estrojeni, ile homoni ya kike, humohumo kwenye ubongo. Ukiizima yote, ubongo nao unakosa. Juu ya hapo weka usingizi unaokatwa na joto la usiku, damu inayopungua kwa sababu ya dawa hiyohiyo, huzuni, sukari. Vyote hivyo vinachafua kumbukumbu, na vingi kati ya hivyo vinatibika, ndo maana lile jibu la uzee linauma.

Kliniki iliyofuata tukampata dokta mwingine, kijana, Mungu ambariki, akamwambia mzee "shikamoo baba, hebu niambie mwenyewe unaonaje", akamsikiliza mpaka mwisho. Akaomba tumletee dawa zote anazomeza, zote, hata za dukani. Kumbe kila usiku mzee alikuwa anameza vile vidonge vidogo vya njano vya mafua na mzio ili apate usingizi kwa sababu ya joto. Dokta akasema kwa mtu wa umri ule dawa hizo zenyewe zinatia ukungu kichwani, na akatuambia hata baadhi ya vidonge vya kuzuia kwenda haja ndogo mara kwa mara vina tabia hiyo. Akaviondoa. Akapima wingi wa damu, ikawa chini. Akapima mkojo kuangalia maambukizi, maana kwa wazee maambukizi ya mkojo yanaweza kumvuruga mtu akili ghafla. Akapima vitamini B12 kwa sababu mzee yuko kwenye metformini ya sukari miaka mingi, na metformini inaishusha. Hakuna kati ya hivyo kilichohitaji mashine za ajabu.

Akampima na kumbukumbu yenyewe. Wengi mnajua ile karatasi ya kuchora saa, hiyo kwa mzee aliyesoma kidogo inamuonea. Yeye alitumia kipimo kinachoitwa IDEA, kilichotengenezwa kwa ajili ya wazee wa Afrika na kikafanyiwa kazi hapahapa kwetu, wilaya ya Hai, Kilimanjaro. Unapewa maneno kumi uyakumbuke, unataja wanyama wengi uwezavyo, na kuna sehemu unapanga njiti za kiberiti kufuata mpangilio ulioonyeshwa. Hakuna kushika kalamu. Mzee wanyama alitaja mpaka dokta akacheka, maneno akakumbuka mengi, kwenye njiti ndo akahangaika. Majibu yakaandikwa kwenye faili, ili safari nyingine yalinganishwe. Kipimo hiki kilitakiwa kifanyike kabla ya sindano ya kwanza, ndo tungejua alianzia wapi. Hapa ndo nyota zangu tatu zilipopotelea.

Saa hizi hali ikoje? Ana nafuu, siwezi kusema amerudi kama zamani. Usingizi umeimarika, damu imepanda, anatembea kila asubuhi na ananyanyua vitu vizito kidogokidogo kwa maelekezo ya kliniki, maana mazoezi yanasaidia misuli na uchovu. Vipimo vya mteja anaviandika kimojakimoja futi ikiwa bado mwilini, mwanafunzi wake anavirudia kwa sauti, na kukata anakata asubuhi tu kichwa kikiwa kimetulia. Dawa ziko kwenye kile kiboksi cha plastiki chenye vyumba saba vya siku, mama anakijaza Ijumaa.

Na tafadhali sana, asije mtu akasoma hapa akamsimamishia baba yake sindano. Saratani iliyofika kwenye mifupa ikiachiwa inaweza kubana uti wa mgongo na miguu ikagoma kabisa. Kaeni na dokta. Kuna wagonjwa ambao dokta anaweza kuamua wapumzike sindano kwa muda huku PSA inafuatiliwa, wapo wengine haiwezekani, inategemea ugonjwa uko hatua gani. Na siku mkiambiwa anaongezewa kidonge kingine, ulizeni kinagusa ubongo kiasi gani. Enzalutamidi inajulikana kwa kuchosha, na mwenye historia ya degedege au kifafa lazima aseme. Darolutamidi inaingia kidogo sana kwenye ubongo, ila bei yake na upatikanaji kwetu huku ndo mtihani, na bima ulizeni kabla hamjaahidi kitu.

Kwa hiyo dawa naipendekeza, na mzee anaendelea nayo. Kabla ya sindano ya kwanza ombeni apimwe kumbukumbu na iandikwe kwenye faili, bebeni dawa zote kwenye mfuko mpaka zile za dukani, na anayeenda naye kliniki awe yule anayekaa naye kila siku, siyo yule mwenye gari. Mkiambiwa ni uzee, ombeni apimwe damu na mkojo kwanza. Siku kliniki yetu ikianza kuwapima wazee wote kumbukumbu kabla ya kuwachoma, nitarudi hapa kuongeza zile nyota. Na mwenye mzazi aliye kwenye sindano hizi aandike hapa chini anatumia ipi na kama alipimwa kumbukumbu kabla, itatusaidia wote.