Maiki nafuu ya kurekodi nyumbani: chumba chako kwanza, bidhaa baadaye

Kabla hujatoa hela, ingia katika chumba utakachorekodia, funga mlango na madirisha, piga kofi moja la nguvu, kisha sikiliza kinachofuata. Sauti ikikatika papo hapo, una chumba kizuri na uhuru mkubwa wa kuchagua. Ikirudi kutoka kwenye kuta na mlio mkali unaotetemeka, basi maiki nyingi zinazosifiwa hazikufai hata ukipewa bure. Ukimaliza, kaa kimya dakika moja usikilize feni, friji, magari, majirani. Vyote hivyo vitaingia kwenye rekodi, na maiki utakayonunua, pamoja na namna utakavyoitumia, ndivyo vitakavyoamua viingie kwa kiasi gani.

Naanza na hili kwa sababu watu wengi huchagua maiki kwa sura. Wameona ile kubwa ya studio, imefungwa kwenye lastiki na kuwekewa wavu mbele, wakaamini kwamba hiyo ndiyo ya kazi. Kweli ni ya kazi, ila imekusudiwa chumba kilichotulia. Ukiiweka kwenye sebule ya vigae na vioo, utapata rekodi ya sebule, nawe ukisikika kwa mbali ndani yake.

Maiki zinazoingia kwenye bajeti ndogo ni za aina mbili. Dainamiki ina kiwambo kilichoshikamana na koili ya waya, na koili hiyo inacheza ndani ya sumaku. Sauti inasukuma kiwambo, koili inatikisika, umeme kidogo unazaliwa. Haihitaji kupewa umeme kutoka nje, na huvumilia kuangushwa. Kondensa ina kiwambo chembamba sana kilichokaa karibu na bamba lenye chaji, na kiwambo kikitikisika umeme hubadilika. Hiyo lazima ipewe umeme: ama volti 48 kupitia waya wa XLR (waya wa maiki wenye pini tatu), umeme ambao mafundi huuita fantomu, ama umeme wa USB. Ni nyepesi kuitikia na hunasa vizuri sauti za juu, kama nyuzi za gitaa na pumzi ya mwimbaji.

Hapa pana jambo linaloelezwa vibaya mara nyingi. Utaambiwa dainamiki “haisikii” kelele za chumba. Inasikia. Tofauti ni kwamba nguvu yake ni ndogo: Shure SM58 hutoa takriban milivolti 1.9 pale ambapo Audio-Technica AT2020, ambayo ni kondensa, hutoa milivolti 14 kwa sauti ileile. Udogo huo hukulazimisha uisogelee mdomoni, na ukaribu ndio unaokuokoa. Kila umbali kati ya mdomo na maiki unapoongezeka mara mbili, sauti yako hushuka kwa karibu desibeli 6, lakini mwangwi wa chumba hubaki palepale. Anayezungumza akiwa sentimita 8 kutoka kwenye maiki ya kawaida mara nyingi humshinda mwenye maiki ya gharama aliyekaa sentimita 50.

Kuhusu waya, uamuzi ni mwepesi. Maiki ya USB inachomekwa moja kwa moja kwenye kompyuta na kazi inaanza. Ya XLR inahitaji kadi ya sauti ya nje katikati, yaani kifaa kinachopokea waya wa maiki na kupeleka sauti kwenye kompyuta, nayo ina bei yake, ila inakupa nafasi ya kuongeza maiki ya pili na kubadilisha kifaa kimoja bila kugusa kingine.

Sasa nizipange, kuanzia ile ambayo ningemshauri mtu mgeni wa kazi hii aichukue.

Ya kwanza: Samson Q2U

Ni dainamiki yenye matundu mawili, USB na XLR. Unaanza leo na USB, na siku utakaponunua kadi ya sauti, maiki ni ileile. Ina tundu la hedifoni kwenye mwili wake, hivyo unajisikia unapoongea bila ule ucheleweshaji wa sauti kupita kwenye kompyuta na kurudi. Hili si la kupuuza. Anayejisikia hurekebisha umbali wake mwenyewe, na hugundua mapema kwamba waya unakwaruza au kwamba feni imezidi. Ndani ya boksi kuna waya zote mbili, sponji ya kuvalisha kichwa cha maiki na stendi ndogo ya mezani.

Stendi hiyo ndiyo udhaifu wa seti nzima. Ni fupi, inakufanya uiname, na kila unapogusa meza mtikisiko unapanda hadi kwenye maiki. Pesa ya kwanza utakayopata baadaye, nunua mkono wa kufunga pembeni ya meza.

Ndugu yake wa karibu ni Audio-Technica ATR2100x-USB, nayo ni dainamiki yenye USB na XLR. Kwenye boksi wameandika biti 24 na kilohezi 192, yaani sauti inapimwa mara 192,000 kila sekunde, wakati Q2U inaishia biti 16 na kilohezi 48. Namba hizo zisikuyumbishe. Upimaji wa kilohezi 48 hubeba sauti zenye mitetemo hadi kilohezi 24, na sikio la binadamu huishia karibu na 20. Chukua itakayopatikana kwa bei nzuri kati ya hizo mbili, utakuwa umepatia.

Ya pili: Shure SM58, kwa mwenye kadi ya sauti

SM58 ilitoka mwaka 1966 na bado inauzwa, na ukiitazama jukwaani utaona imeshikwa na kila aina ya mwimbaji. Sababu ya kuiweka ya pili ni gharama ya kadi ya sauti tu. Kama unayo tayari, au unajua utarekodi watu wawili wakizungumza, ipandishe iwe ya kwanza.

Masafa yake, yaani sauti inazonasa kuanzia nzito hadi nyembamba, ni hezi 50 hadi 15,000. Mtu akiona kondensa inafika 20,000 hudhani anapunjwa, lakini kumbuka kwamba simu za zamani zilibeba hezi 300 hadi 3,400 tu na maneno yalieleweka. Kwa mazungumzo, masimulizi na uimbaji wa sauti nzito, kilichokosekana huko juu hakitakuumiza. Isogelee na utaona sauti inaongezeka uzito wa chini, jambo ambalo wasomaji wa redio hulitumia kwa makusudi.

Ukirekodi gitaa kupitia spika yake, au ngoma, tazama SM57, ya mwaka 1965. Inatoka kwenye ukoo uleule, tofauti kubwa ikiwa kichwa kisicho na tufe la wavu, hivyo inaingia karibu zaidi na ala. Kwa mdomo itakudai sponji.

SM58 pia ni miongoni mwa maiki zinazoghushiwa sana. Halisi ina uzito wa gramu 298 bila waya, kwa hiyo ukiweza, ipime. Bei ikiwa nusu ya ile inayotajwa na mawakala wa kampuni, achana nayo. Na kama fedha haifiki, ni heri kununua Behringer XM8500, dainamiki ya bei ya chini kabisa inayouzwa kwa jina lake yenyewe, kuliko kununua SM58 ya kughushi.

Ya tatu: Audio-Technica AT2020, kwa chumba kilichojibu vizuri

Kama kofi lako lilikatika papo hapo, na kazi yako ni kuimba au kupiga gitaa la mbao, hii ndiyo kondensa ya kuanzia. Masafa yake ni hezi 20 hadi 20,000, na inastahimili sauti hadi desibeli 144, kwa hiyo mwimbaji wa kelele hataisumbua. Ina toleo la XLR, na lipo pia la USB.

Kuna kipimo kimoja ambacho wauzaji hawakitaji na mnunuzi anapaswa kukiulizia: kelele ya maiki yenyewe, ule mvumo mdogo unaotoka kwenye vifaa vya ndani hata chumba kikiwa kimya. Kwa AT2020 ni desibeli 20. Kwa uimbaji huwezi kuisikia. Kwa mtu anayesoma hadithi kwa sauti ya chini, akiwa mbali kidogo na maiki, itaanza kujitokeza pale anaponyamaza kati ya sentensi. Rode NT1 ya kizazi cha tano, iliyotoka mwaka 2023, ina desibeli 4 tu, na inabeba USB na XLR pamoja. Imepita bajeti ya mwongozo huu, lakini anayekusudia kusoma vitabu kama kazi ya kudumu afadhali asubiri, akusanye, anunue hiyo mara moja.

Tahadhari: AT2020 husikiliza kwa ubavu. Unaongea ukielekea upande wenye nembo, maiki ikiwa imesimama wima. Wengi huielekeza kichwa mdomoni kama SM58, kisha wanalalamika kwamba sauti imefifia.

Ya nne: maiki ya kolani, kwa anayetumia simu

Boya BY-M1 imesambaa sana, na ni stahili yake. Waya wake ni mita 6, unaibana kifuani, na unarekodi ukiwa umesimama mbele ya kamera. Ina swichi ya kuchagua simu au kamera, na swichi hiyo ikikaa vibaya hupati sauti, kwa hiyo iangalie kwanza kabla ya kudhani imeharibika. Hunasa sauti kutoka pande zote, maana yake chumba nacho kitakuwemo. Kwa video ni sawa. Kwa podikasti ya kusikiliza tu, Q2U inaipita mbali.

Kama simu yako haina tundu la milimita 3.5, utahitaji adapta, na lazima iwe inayopitisha maiki. Ziko adapta nyingi zinazopitisha usikilizaji peke yake.

Ya tano: Yeti na kondensa nyingine za mezani za USB

Yeti ilianzishwa na Blue, kampuni iliyonunuliwa na Logitech mwaka 2018. Si maiki mbaya. Ina njia nne za kunasa sauti, na mojawapo, inayosikiliza mbele na nyuma, inafaa watu wawili walioketi wakitazamana na wenye maiki moja tu. Nimeiweka mwisho kwa sababu ya jinsi inavyotumika majumbani: inasimamishwa mezani, nusu mita kutoka mdomoni, karibu na kibodi, geini (kiwango cha kukuza sauti) imepandishwa juu. Inanasa vidole, meza na kuta kwa uaminifu uleule inaonasa sauti yako. Ukiinunua, iinue ikaribie uso, ichague njia ya mbele peke yake, na ushushe geini.

Zisizofaa kununuliwa

Seti za kondensa za BM-800 na jamii yake, zinazokuja na mkono, wavu na sponji kwa bei ya kushangaza, zinavutia sana wanaoanza. Tatizo ni kwamba nyingi huja na waya wa kwenda kwenye tundu la milimita 3.5 la kompyuta. Tundu hilo hutoa volti chache tu, wakati maiki inataka 48. Utapata sauti ndogo yenye mvumo. Ukinunua chanzo cha fantomu na kadi ya sauti ili kuiokoa, umeshafika kwenye bei ya maiki iliyo bora.

Kwa upande wa pili iko Shure SM7B, ambayo kila mtu ameiona kwenye podikasti za video. Ni maiki nzuri mno, lakini nguvu yake ni ndogo kuliko hata ya SM58, na inahitaji kadi yenye geini safi ya desibeli 60 au zaidi. Kadi nyingi za bei ndogo zikifikishwa huko huanza kuvuma. Kwa anayeanza ni mzigo.

Gawa bajeti hivi

Usimalize fedha yote kwenye maiki. Tenga ya hedifoni zinazofunika masikio, ya stendi, na ya sponji au wavu wa kuzuia pumzi, maana herufi P na B hupuliza hewa ambayo hakuna programu itakayoiondoa vizuri. Kwa chumba, anza na ulivyo navyo: mapazia mazito, godoro lililosimamishwa nyuma yako, kabati la nguo lililofunguliwa. Sponji nyembamba za kubandika ukutani hupunguza mlio wa juu peke yake na kuuacha mvumo wa chini ulivyokuwa, kwa hiyo sioni haja ya kuzikimbilia.

Ukishaipata, iweke upana wa vidole vinne kutoka mdomoni, pembeni kidogo ili pumzi ipite kando. Q2U, SM58 na AT2020 zote husikiliza mbele na kupuuza nyuma, basi geuza mgongo wa maiki kwenye chanzo cha kelele, iwe feni au dirisha. Panga geini ili sehemu zako za sauti kubwa zifike kati ya desibeli −12 na −6 kwenye kipimo cha programu ya kurekodi. Ukifika sifuri sauti inakatika vichwa, na hairudishiki.

Maiki iliyotumika nayo ni njia nzuri ya kubana matumizi. Kwa dainamiki sina wasiwasi: ichomeke, ongea, tikisa waya, ikisikika safi chukua. Kondensa huharibiwa na unyevu, na dalili yake ni mikwaruzo midogo inayokuja na kupotea. Omba uiache imewashwa kwa dakika kadhaa huku ukisikiliza kwa hedifoni bila kuongea. Muuzaji akikataa, tafuta nyingine.